Fundi wa Kombaini Darasani

Shule yetu ilikuwa ya mchepuo wa kilimo, lakini kilimo chenyewe kiliishia ubaoni. Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, na kila nilipochora injini ya trekta nilijua nachora kitu ambacho sijawahi kukifungua. Ng'ambo ya barabara ya Basotu, mashine za shamba la ngano la serikali zilinguruma tangu asubuhi. Sikutulia.

Mwishowe nikapanda baiskeli hadi karakana ya shamba. Fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, alikuwa mzee wa Endasak. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Alisikiliza huku akifuta spana, kisha akasema atakuja Jumatano, meneja akimruhusu. Mkuu wa shule alikubali shingo upande. Aliniuliza mara mbili fundi ana cheti gani.

Jumatano alifika amevaa koti la kanisani, amebeba pampu ya dizeli ndani ya gunia. Nikampa chaki aandike majina ya sehemu zake. Akaishika, akautazama ubao. Wanafunzi wakaanza kukohoa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hajui kuandika, nikaona aibu hadi masikio yakawaka, kwa sababu sikuwa nimemuuliza lolote zaidi ya siku ya kuja.

Akanirudishia chaki. "Mwalimu, andika wewe," alisema taratibu. "Mimi nitafungua."

Akaifungua pampu mezani, kipande kwa kipande, nami nikaandika kila alichotaja. Kabla ya kengele wanafunzi wawili walikwisha kuiunganisha tena. Mimi nilipojaribu nilishindwa, wakacheka, naye akacheka.

Alikuja kila Jumatano mwaka mzima. Mkaguzi alipotutembelea alikaa nyuma, akatoka ameridhika, akaagiza kipindi kiwekwe kwenye ratiba. Kiliandikwa kwa jina langu. Nilipomwomba mkuu aongeze la fundi, alisema ratiba ni ya walimu. Nilinung'unika moyoni, nikarudi darasani.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mbulu kwa haraka. Nilimwachia mwalimu aliyechukua nafasi yangu daftari la masomo, nikaamini hilo linatosha.

Miezi baadaye nilikutana na fundi mnadani Katesh. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za Mbulu. Nikamuuliza kama vipindi vinaendelea.

"Nilikwenda Jumatano tatu," alisema. "Yule mwalimu mpya aliniuliza natafuta nani."

Nilimwomba radhi, akasema si kitu, akaenda kuangalia mbuzi. Siku hiyo sikununua chochote.