Mtoto wa Ndugu Yangu Amenikataza Ntheo kwa Sababu ya Trela

Admin, jina langu lifiche vizuri, hapa Kola hakuna mtu hanijui. Niko na miaka 53. Shule niliachia darasa la sita nikawa fundi wa kuchomelea, lakini mainjinia wa digrii wamesimama kwa boma yangu kuuliza maswali. Lori ya tani saba nimewahi kuinua na mgongo, fundi akitafuta jeki. Wenye watacheka wachekee mbali.

Ndugu yangu alikufa akaniachia kijana wake, nikamlea. Sasa anaoa msichana wa Masinga. Kwetu Ukambani kuoa kunaanza na ntheo, zile mbuzi tatu za kwanza tunapeleka kwa wakwe, na mwenye anaongea siku hiyo ni baba. Baba ni mimi. Hotuba nimeifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe tangu mwaka jana.

Sasa, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe, na Masinga ni mbali. Kijana akanunua trela ya kulala, zile za wazungu. Ukivuta na gari iko chini kama sanduku. Ukifika unainua paa, turubai inafunguka inakuwa chumba. Akaniletea. "Anko, shona tu hapa pamepasuka. Paa usiguse."

Nikamwambia hizo nimetengeneza kumi huko Tsavo. Ukweli, na ndiyo maana nataka kufichwa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona moja.

Lakini mtoto wa ndugu yangu alale kwa nguo? Nikang'oa turubai yote, nikapiga mabati ya maroon, mlango wa mbao, dirisha na grili. Paa nikaichomelea na vyuma ikiwa juu. Simba akiirukia anavunjika meno.

Jumapili akakuja na gari yake ndogo na rafiki yake. Akazunguka trela mara mbili.

"Ongea," nikamwambia, "ama furaha imekufunga mdomo?"

"Anko, inakunjwa wapi?"

"Nyumba inakunjwa, kwani ni blanketi?"

Rafiki yake akasema, "Bosi, hii ni kioski. Uza chapati." Hata bibi yangu akacheka, nikamtolea macho.

Wakaifunga kwa gari. Gari ikanguruma, trela ikasonga hatua moja, magurudumu yakalala upande kwa uzito. Nikasema gari yake ni ya kubeba mayai. Hapo akanigeukia.

"Ulinidanganya. Na kwa wakwe utadanganya nini, eti niko na ng'ombe mia? Jumamosi kwa ntheo mjomba ndiye ataongea. Wewe baki hapa."

Mjomba! Ndugu ya mama yake, mtu anaongea kama amemeza pamba!

Nikamwita mbwa asiye na shukrani. Nikamwambia hata baba yake angeona aibu kumzaa. Hilo neno lilitoka kabla sijalishika. Akaifungua trela kwa gari, akaiacha hapo. Akaingia gari, na tangu hapo simu yangu hashiki.

Nina hasira bado. Lakini ndugu yangu akiwa hospitali alinishika mkono, akasema tu, "Simama na yeye."

Jumamosi ni kesho kutwa. Nyinyi wajuaji wote, semeni: nivae koti niende Masinga bila kualikwa nimnyang'anye mjomba hotuba, ama nimpigie kijana na simu ya bibi niseme nilikosa? Na hiyo "nilikosa" mtu husema aje? Mimi sijawahi.