Inacheza, Tata

Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwetu Izimbya, hakuamini kahawa kwa kuitazama. Ikishaanikwa na maganda yake siku nyingi, alichukua punje moja akaitikisa karibu na sikio. Ikicheza ndani ya ganda, imekauka, tia guniani. Ikinyamaza, bado mbichi, irudi mkekani. Sisi watoto tulimcheka. Leo ningetoa chochote nimwone tena ameinamisha kichwa vile.

Mwaka aliokohoa mfululizo, picha ya kifua iliyopigwa Bukoba mjini ilionyesha doa kwenye pafu. Akapigwa na ya CT, na bado daktari hakuweza kusema kama ni saratani au siyo. Alishauri wamchome sindano wakate kinyama kidogo wakipime. Tata akakataa katakata. Nikamgombeza, nikamwambia ukaidi wake utamuua. Mimi ni mwalimu, kugombeza nimezoea, lakini siku ile niligombeza kwa woga.

Ndipo tukaelekezwa Mwanza, kwenye mashine ya MRI. Daktari wa pale, mama mtaratibu, alitueleza kwamba mashine inaangalia jinsi maji yanavyotembea ndani ya uvimbe. Wenye saratani mara nyingi umeshonana, maji hayapati nafasi. Usio na saratani mara nyingi huyaacha yatembee.

Tata akanigeukia, akasema kwa Kihaya, "Kumbe wanataka kunitikisa tu." Akakubali.

Mlangoni mpiga picha akamuuliza, "Mzee, una chuma?"

"Nachuma, waitu," Tata akajibu kwa adabu zote, "ila msimu umekwisha."

Yule bwana akamzuia asiingie, maana yeye alisikia "na chuma". Ilibidi nieleze, kicheko kimenibana, kwamba mzee anazungumzia kuchuma kahawa. Chuma pekee alichokuwa nacho ni msalaba wa rozari yake, akanikabidhi. Alipoingia, kicheko chote kikaniishia. Nikaishika ile rozari nikisali ovyo, naruka mafumbo, narudia yale yale.

Daktari alipotuita, Tata hakumngoja aketi. "Inacheza?"

Nikamweleza daktari habari ya kahawa. Akatabasamu. "Inacheza, mzee. Inaelekea ni kovu la ugonjwa wa zamani. Mtarudi tuitazame tena."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi. Tata akanipokonya rozari yake. "Na ulivyonigombeza," akasema.

Tulirudi mara mbili, doa likawa vilevile. Miaka kadhaa baadaye uzee ulimchukua, polepole, kitandani kwake. Tukamzika kibanjani, kati ya migomba na mibuni yake, pamoja na doa lake ambalo halikuwahi kumfanya lolote.

Siku hizi natikisa punje mimi, na wanangu ndio wanaocheka. Nikiisikia, nasema, "Inacheza, Tata," halafu naitia guniani.