Likizo ya Katandala

Katika ofisi moja mjini Sumbawanga, mama mmoja, karani wa masjala, alirudisha fomu ya likizo. Penye "mahali utakapokuwa" ameandika Katandala. Ofisa akacheka.

"Mama, si ndiko unakokaa? Andika hata Muze. Ukibaki hapa tutakufuata."

"Iache hivyo hivyo," akasema, kidole juu ya karatasi.

Jumatano nikampita nje kwake, anaota jua na sweta lake, miguu juu ya kigoda, anatafuna hindi la kuchoma. Bodaboda ikasimama, akashuka yule ofisa.

"Shikamoo mama. Kuna jalada hatulioni."

"Marahaba." Akageuza hindi upande wa pili. "Waambie nimesafiri."

Nami wiki hii niko likizo. Mhariri alipopiga simu nilipokea, ndiyo maana unasoma safu hii.