Trekta Lililopimwa kwa Kimo cha Bibi Mwanatumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndama, chupa ya maziwa na amri ya kutolia. Ndama alikuwa amefiwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, nami nilikuwa nimetoka kwetu Gazi asubuhi ile ile na mfuko wa nguo, kwa hivyo sote wawili tulikuwa na sababu. Msimamizi wa shamba, mtu wa bara, mrefu hata akisimama mlangoni pa zizi ndani kunaingia giza, alinitazama akasema, "Hapa mtu akilia, alie akifanya kazi."

Nikalia nikifanya kazi. Ndama alikuwa jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikampa jina Pambo.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoniuliza kazi ya mifugo na mashine huwaje. Mimi sijazeeka, wala shule yangu si ya kujivunia, lakini Msimamizi amestaafu juzi, naye ndiye aliyenifundisha, na mambo haya yasipoandikwa yatabaki kichwani mwangu peke yangu. Ni mazuri mno kukaa peke yangu nayo.

Shamba letu liko Msambweni, upande wa juu wa barabara. Mwenye shamba tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi hadi akachoka na hospitali, akanunua ardhi, akaanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Hata zizini alitembea kama yuko wodini: anashika sikio la ng'ombe kupima joto, anatazama macho, anauliza, "Huyu amekula?"

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ndama. Huko nilijifunza dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo baada ya kuzaa, ambayo ndama akiyakosa huwa dhaifu. Pambo aliyapata kwa ng'ombe mwingine, kwa chupa, mkononi mwangu. Kituo cha pili kilikuwa kukamua. Kukamua si kuvuta. Unabana kwanza kwa gumba na kidole cha shahada juu ya chuchu, halafu vidole vingine vinafuata kimoja kimoja, na maziwa yanateremka yenyewe. Mara ya kwanza nilipoisikia ile sauti ya maziwa yakipiga ndoo, nilidhani nimefanya muujiza.

"Umefanya kazi," alisema Msimamizi. "Muujiza ni ndoo ikijaa."

Pambo akakua, akawa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Na hapo ndipo shida ilipoingia. Nyasi zilikuwa hazitoshi. Tulikuwa tukifyeka kandokando ya barabara, tukibeba mizigo kichwani, na kiangazi kile kikatukausha hata huko. Ardhi ya Bi Mkubwa ilikuwepo, lakini mbele ilikuwa msitu wa vichaka vya miiba na visiki, na nyuma ilikuwa mikanju, ndiyo mikorosho, mikubwa, ya zamani, imefunika chini kama paa la makuti, na magugu yamejaa katikati yake.

Bi Mkubwa alituita barazani. "Masika yakinikuta sijapanda nepia, nitaiuza mitamba yote," alisema. "Siwezi kufuga ng'ombe kwa dua."

Nepia ni yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, mfano wa matete. Nilikwenda zizini nikamshika Pambo shingo. Mitamba yote maana yake na yeye, na kwa uzuri wake yeye angechukuliwa wa kwanza.

Ikaamuliwa trekta linunuliwe. Msimamizi alijua analolitaka hata kabla ya kuulizwa. "Kubwa," alisema. "Ile ya magurudumu yote manne kuvuta. Kisiki kikiiona kinatoka chenyewe."

Mwuzaji wa Ukunda alikubali kutuletea moja tulijaribu. Wadogo zangu, nisiwadanganye: siku lile trekta lilipoingia, niliacha ndoo. Gurudumu la nyuma lilinipita kimo. Trekta lenyewe lilikuwa na kibanda cha vioo cha dereva, na ekzosi, lile bomba la moshi, imesimama wima mbele kama mnara. Lilifunga mnyororo kwenye kisiki cha mwarobaini ambacho kilikuwa kimewashinda watu watatu, likanguruma kidogo tu, na ardhi ikainuka. Nilisikia mizizi ikikatika chini ya nyayo zangu. Kisiki kikatoka na udongo wake wote, likabaki shimo ambalo ningeweza kuketi ndani.

"Subhanallah," nikasema.

"Sema tena!" Msimamizi alipiga makofi kama mtoto.

Yangeyange wakashuka kutoka sijui wapi, weupe, wakaanza kutembea nyuma ya trekta wakiokota wadudu. Mimi nilidhani nimeona kila kitu kinachoweza kuonekana duniani.

Halafu dereva wa mwuzaji akaligeuza kuelekea kwenye mikanju. Msimamizi akampungia mkono, pita, pita. Ekzosi ikaingia chini ya tawi la kwanza. Tawi lile lilikuwa nene kama paja, bado lina mabibo, matunda ya mkanju, ya mwisho mwisho. Likapasuka, likaning'inia.

Bibi Mwanatumu alitoka kwake akiwa amejifunga leso kiunoni. Nyumba yake imepakana na shamba. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja hadi penye tawi, akalishika kama mtu anavyoshika mkono uliovunjika.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani amewatuma?"

Msimamizi akajibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Mama, shamba ni letu. Bi Mkubwa alinunua."

"Alinunua ardhi," alisema Bibi Mwanatumu. "Mikanju nilipanda mimi na marehemu mume wangu. Nilikuwa na mimba ya Salimu, nikichota maji kisimani, yeye akichimba. Waulize waliouza kama waliuza na miti."

Hapa niwaeleze, maana wenzetu wa bara hulisikia jambo hili wakashangaa. Kwetu mtu anaweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na miti iliyo juu yake. Ardhi ikiuzwa, mwenye mnazi au mkanju wake anabaki nao, anaingia kuvuna, na hakuna wa kuugusa bila yeye kuulizwa. Msimamizi alikuwa amekaa pwani miaka, lakini jambo hilo hakuwa amelijua. Bi Mkubwa alilijua, ila alifikiri kupita chini ya mti si kuugusa.

"Mashine isipite tena," alisema Bibi Mwanatumu. Akaokota mabibo yaliyoanguka, akayatia katika leso, akaenda zake.

Trekta likarudishwa Ukunda. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameshaanza kuonekana. Jioni ile Msimamizi hakula. "Bila ile ardhi ya nyuma," aliniambia, "nyasi haitatosha. Nimeuza ng'ombe wako kwa mkono huu," na akautazama ule mkono aliopungia.

Asubuhi Bi Mkubwa alivaa buibui lake zuri, akachukua sukari na kahawa, akaniita mimi na Msimamizi. Tulipiga hodi, tukakaribishwa mkekani. Waliulizana hali, wakaulizana wajukuu, wakaulizana miguu inayouma. Ndipo Bi Mkubwa akasema, "Dada yangu, nilipaswa kuja kabla. Nimekuja nyuma. Nisamehe."

"Nimesamehe," alisema Bibi Mwanatumu. "Lakini mti wangu umesamehe? Ule hata kusema hausemi."

"Tufanyeje?"

Bibi alimimina kahawa kwanza. "Mimi sikukataza shamba kulimwa. Magugu yale yananifichia korosho zangu, na nyoka wamo. Nimekataza mnara wenu. Mikanju ile nimeikata matawi ya chini mwenyewe, kwa panga, mwaka hadi mwaka, nipite na tenga langu kichwani wakati wa kuvuna. Ninapopita mimi na tenga langu, na mashine yenu ipite. Isipopita, basi si ya hapa."

Msimamizi alifungua mdomo. Bi Mkubwa akamwahi: "Bibi, utatusindikiza Ukunda?"

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Kona ya Musa, pale Ukunda, waliopita siku ile walimwona ajuza wa leso mbili, na tenga kubwa la ukindu kichwani, akitembea baina ya matrekta kama anayekagua gwaride. Mwuzaji alitufuata na kalamu mkononi.

"Mama mzee anatafuta nguvu kiasi gani?" aliuliza.

"Natafuta lenye kimo changu," alijibu Bibi Mwanatumu, na akasimama kando ya trekta kubwa. Kichwa na tenga havikufika hata kwenye vioo. "Hili hapana." Akaenda kwa la katikati, lililotumika kwenye mashamba ya miwa. Ekzosi ikampita. "Nalo hapana. Babu, huna kitu cha watu wa kawaida?"

Mwuzaji akacheka, akatupeleka nyuma kabisa. Pale palikuwa na trekta dogo, jembamba, la kupita katikati ya miti ya matunda. Ekzosi yake ilipita chini, ubavuni. Ule upinde wa chuma unaomlinda dereva trekta likipinduka ulikuwa wa kukunjika. Unausimamisha kwenye mteremko, unaulaza kwenye tambarare chini ya matawi. Nyuma lilikuwa na mikono ya haidroliki ya kuinua jembe, na shafti inayozunguka, ambayo ndiyo huendesha mashine ya kufyekea na ile ya kukatakata majani.

"Kitoto hiki," Msimamizi alinung'unika. "Hii itang'oa kisiki gani? Cha mchicha?"

"Visiki tutavichimba kwa jembe, tuikate mizizi kwa shoka, nalo livute kwa gia ya chini," alisema Bi Mkubwa. "Kusafisha ni mara moja. Kulisha ng'ombe ni kila siku ya Mungu. Sitanunua mashine ya siku moja nikakaa nayo maisha yangu yote."

"Panda basi tuone," Bibi alimwambia Msimamizi.

Msimamizi alipanda. Magoti yakafika kidevuni, na kofia yake ikalipita tenga kwa mbali. Bibi Mwanatumu akatikisa kichwa, tenga likatikisika. "Huyu atavunja tawi kwa utosi." Kisha akanigeukia. "Wewe mfupi. Panda."

Nikapanda. Nikashika usukani. Bibi alisimama kando yangu, nami nikaketi wima kama mtu wa kupigwa picha. Tenga lilinipita kwa upana wa kiganja.

"Ndilo hili," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyohamishwa kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye usukani. Msimamizi alinifundisha kwa kutembea kando yangu, mikono nyuma, akipaza sauti: "Taratibu! Usibane breki! Sikiliza injini, inakuambia!" Na siku ya kuingia kwenye mikanju, Bibi Mwanatumu alitangulia na tenga lake kichwani. Alipopinda, nilipinda. Alipoinama kidogo, nilisimama, naye akaligusa tawi, akaamua likatwe au tulizunguke. Jua lilipenya matawini likawa madoa ya dhahabu mgongoni mwake, harufu ya magugu yaliyofyekwa ikajaa, yangeyange nyuma yetu, na mimi juu ya chuma kinachonguruma nikimfuata bibi mmoja kama ndama. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho, hata lile trekta la kwanza.

Tulichomeka ardhini vipande vya mwisho vya nepia mvua imeshaanza kudondoka. Hakuna mtamba aliyeuzwa. Pambo ameshazaa, na dang'a yake niliiona kwa macho yangu.

Siku ya kumuaga Msimamizi tulimpa fimbo na shuka. Aliomba kitu kimoja zaidi: apande trekta. Akapanda, magoti kidevuni, akaliendesha hadi ukingoni mwa mikanju, akazima. Akavua kofia.

"Hapa ndipo mwisho wangu," alisema. "Ndani ni kwenu wafupi."

Siku hizi Bibi Mwanatumu anatembea kwa shida na tenga linabebwa na trekta. Kila mwaka nakwenda kwake na panga, naye ananielekeza matawi ya kukata. Juzi nilimwuliza nikate hadi kimo gani, maana yeye mwenyewe amepungua. Alinisimamisha chini ya mkanju anaouita wa Salimu, akanitwika tenga kichwani, akarudi nyuma hatua chache kunitazama.

"Hadi hapo," alisema.