Kubadhi la Kulia

Baba yangu alikuwa fundi wa makubadhi, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, Mji wa Kale. Watalii waliotoka Ngome ya Yesu walichungulia, wakapiga picha, wakanunua mikanda. Baba hakuwajali sana. Moyo wake ulikuwa kwenye viatu vya mabwana harusi, hasa lile pindo la maua linalozunguka ukingo wa kila kubadhi.

Maua yale hayakuchorwa. Baba aliilowesha ngozi kwa kitambaa, akaingoja inywe maji, kisha akasimamisha chapa ya chuma na kuigonga kwa nyundo, ua baada ya ua. Alianza kisiginoni akapanda upande mmoja, akarudi kisiginoni akapanda upande wa pili, mpaka mbele ya vidole ikabaki nafasi ya ua moja kamili. Mbabaishaji hubakiwa na nafasi ya nusu ua, akaijaza vidoti. Baba, chapa ikimteleza hata kidogo, alikitupa kipande kizima na kuanza upya.

Kwa viatu vya bwana harusi, ua hilo la mwisho hakulipiga yeye. Alimwita mama. Mama alitoka jikoni akijipangusa mikono kwa leso, akapiga ua moja kila kubadhi, akarudi kwenye chungu chake. Ilianza na makubadhi ya harusi yao wenyewe, na baba alishikilia kwamba mkono wa mama una heri. Wateja nao waliamini. Wengine walikuja kuuliza kama bi mkubwa yupo nyumbani kabla hawajauliza bei.

Katikati ya miaka ya tisini nikaposwa mimi. Mchumba alikuwa karani bandarini, Mwislamu wa kwao Rabai, amepanga chumba Majengo. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa msikilizaji. Mama hakumtaka, na hakuwa na sababu ila moja: hakuna mtu mtaani aliyewajua shangazi zake. Nilimwambia siolewi na shangazi. Hilo halikusaidia.

Baba aliyashona makubadhi ya mchumba wangu kwa wiki mbili, na sijapata kuona pindo zuri kama lile. Yakabaki maua mawili, moja kila kubadhi, na mama hakuja. Aliitwa Jumatatu, akasema ana ngano za kupeta. Aliitwa Jumanne, akasema mkono unamuuma. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Kila asubuhi baba alilowesha ngozi upya, kila jioni ikawa imekauka. Jumatano nikashindwa kuvumilia, nikaichukua nyundo nimalize mwenyewe. Baba alininyang'anya taratibu, akasema ua lile si langu wala si lake.

Nililia kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Niliogopa kuolewa bila radhi ya mama.

Alhamisi baada ya alasiri mama akaingia dukani bila kuitwa. Alikaa kwenye kigoda cha baba, akachukua kubadhi la kushoto, akapiga. Ua lilikaa sawasawa. Kisha akaiweka nyundo chini.

"Na la kulia?" baba akauliza.

"La kulia lingoje. Ntalipiga nikimjua."

Mchumba wangu aliozwa amevaa viatu vyenye pengo moja. Baba alikuwa amemweleza kisa chote na, kwa aibu, akajitolea kuliziba kimyakimya. Mume wangu alikataa. Alisema mwenye ua yupo, na yeye mwenyewe hana haraka.

Basi kila Ijumaa, baada ya sala, alikuja kwa wazee wangu na makubadhi yale miguuni. Alimwamkia mama, na mama aliitikia marahaba huku akilitazama pengo. Hakumwita kwa jina wala kwa udugu. Kwake alikuwa "mume wa huyu", hata akiwa ameketi mbele yake. Mimi roho ilinipanda kila wiki. Yeye aliingia jikoni akaomba kazi. Siku moja alipewa nazi, akaikuna kwa bidii mpaka akafikia kifuu, tui likatoka na weusi. Mama alimkaripia mpaka majirani wakasikia, kisha akavuta mbuzi ya pili ya kukunia na kumwonyesha jinsi ya kuzungusha nazi. Wageni mama hakuwakaripia kamwe, kwa hiyo nilifurahi.

Mwaka wa tatu, Ijumaa moja, alikuja na ndara. Mama alimtazama miguu, akauliza viatu viko wapi. Vilikuwa kwenye mfuko aliobeba; ukanda wa la kulia ulikuwa umekatika, amemletea baba aushone. Mama alilitoa kubadhi lile akaligeuzageuza. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi kwa jasho, imekauka kama ubao, na pengo lilikuwa pale pale.

Akaenda nalo dukani, sisi nyuma. Alilowesha mwenyewe, akaitafuta chapa kwenye kopo, akapiga. Haikuingia. Akapiga tena, na mara ya tatu chapa ikahama. Likatoka ua hafifu, lenye kingo mbili, limeinama upande. Sote tukamtazama baba.

Baba alivaa miwani, akalisogeza kwenye mwanga wa mlango, akalitazama kitambo.

"Limekaa," akasema. "Hilo siligusi."

Akaushona ukanda. Mama aliyachukua makubadhi yote mawili, akainama kwa taabu ya magoti yake, akayapanga mbele ya miguu ya mume wangu.

"Vaa, mwanangu," akamwambia.

Mume wangu alivua ndara zake, akatanguliza mguu wa kulia.