Likizo ya Ziwa

Serikali ilipofunga ziwa ili samaki wazaane, wanaume wa Ilagala walivuta mitumbwi mchangani wakaigeuza kifudifudi. Kila mtu alisema neno moja: ziwa linapumzika. Devota alilisikia neno hilo akiwa ameinama juu ya pipa la chikichi zinazochemka, akajiuliza, bila uchungu, ni nani angemtangazia yeye mapumziko.

Alikuwa mama wa watoto watatu, mzaliwa wa familia iliyotoka Burundi zamani. Miaka yote alikuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mawese, pale kando ya barabara. Mwezi ule ule ziwa lilipofungwa, mwenye kiwanda alimfanya msimamizi. Msimamizi ndiye anayefungua banda na kuwasha moto, na moto huwashwa kabla jua halijatoka. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo mumewe, Bucumi, ambaye sasa hakuwa na taa ya kuwasha wala dagaa wa kuvua, alishika mwiko. Hakuna aliyemlazimisha. Watoto wakiamka na njaa hawangojei mjadala. Alipika uji, akawaogesha wadogo, na Tuyizere, binti yao mkubwa wa darasa la tano, akawa anawahi shule.

Kijiji kikapata cha kusimulia.

"Mama Bucumi!" wavuvi wenzake walimwita akipita na ndoo. "Leo chumvi imekolea?"

"Njoo uonje, ila kwanza uombe ruhusa kwa mkeo!" Bucumi alijibu.

Wanawake bombani walimgeukia Devota. "Dada, limbwata hilo umelitoa wapi? Tugawie hata kijiko."

Kanisani, katekista alimtaja Bucumi kwa jina, mfano wa mume mwema. Watu wakapiga makofi. Devota naye alipiga. Viganja vyake vilikuwa na wekundu wa mawese usiotoka kwa sabuni, na vilipokuwa vikigongana alizifikiria asubuhi zote alizopika uji ule ule, kwa sufuria ile ile, na hakuna aliyegeuza shingo. Hakumwonea mumewe wivu. Aliona tu kwamba kazi ikibadili mikono hubadili na jina. Kwake haikuwahi kuwa na jina. Kwa Bucumi iliitwa wema. Na wema, aliwaza, mtu huutoa akitaka na kuuacha akichoka.

Agosti ikafika. Bucumi akaanza kushona nyavu uani, uso umechangamka kama wa mtu aliyetoka kuugua. Jioni ya kurudi ziwani aliuweka mwiko kando ya jiko, akasema kwa upole:

"Sasa Tuyizere ni mkubwa. Atakuwa anaamka awapikie wenzake, ndipo aende shule."

"Atafika saa ngapi?"

"Mwalimu ataelewa. Mtoto wa kike huyu, lazima ajifunze."

Devota alikuwa akimsuka nywele binti huyo. Vidole vikasimama. Alijua mwalimu angeelewa. Hilo ndilo lililomtisha. Hata mwalimu wake yeye alielewa, mwaka ule mama yake alipougua. Alielewa mpaka Devota akaacha kuonekana darasani, na hakuna aliyeuliza.

"Tuyizere ana shule," alisema. "Mimi nina kiwanda. Wewe unatoka ziwani jua likichomoza. Uji ni wako, ndipo ulale."

"Nitatoka kwenye baridi, Mama Tuyizere, nimechoka."

"Kuchoka nakujua. Tunalala kitanda kimoja."

Binti alicheka, akajiziba mdomo. Bucumi hakucheka.

"Ziwa lilipofungwa watu walielewa. Sasa watanicheka."

"Walikusifu miezi mitatu, Baba Tuyizere. Waache wakucheke kidogo."

Bucumi alichukua koti lake, akatoka.

Alfajiri Devota alisimama mbele ya jiko lililopoa. Alitamani kubandika maji tu. Maji peke yake yana ubaya gani? Lakini alijua maji yangeita unga, unga ungeita sukari, na wiki isingekwisha kabla hajajitwisha kila kitu upya. Akamfunika mdogo shuka, akaondoka. Njia nzima alijiona mama mbaya. Huo nao ni mzigo, na huwezi kuutua njiani ukapumzika.

Jua lilipopanda juu ya michikichi, watoto wa shule walianza kupita barabarani. Devota aliacha mizani ya kupimia chikichi, akaenda mlangoni mwa kiwanda. Kundi la kwanza likapita, na la pili. Kisha Tuyizere akatokea, anakimbia.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Umekunywa uji?"

"Nimekunywa. Una mabonge. Halafu unanuka dagaa."

"Na wadogo zako?"

"Baba anawalisha. Amenuna huyo!" Mtoto akaangua kicheko. "Mama, kengele!"

Akapotea kwenye vumbi la wenzake. Winfrida, kibarua aliyekuwa akipembua chikichi pale jirani, alitikisa kichwa.

"Dada Devota, wewe una bahati."

Devota aliendelea kutazama barabara.

"Leo, ndiyo," alisema. "Kesho nitakuja tena kusimama hapa mlangoni."