Daftari Lililosomwa kwa Kuchelewa

Wanafunzi walimbatiza mwalimu mwenzangu jina la Mwalimu Vema, kwa kuwa kila insha iliyopita mikononi mwake ilirudi na neno hilohilo kwa wino mwekundu. Sisi wenzake tukalidaka, tukawa tunamtania nalo, naye anacheka. Hakuwa mvivu. Alikuwa amefundisha uandishi miaka ishirini na miwili, na mwaka ule alipewa mikondo mitatu, watoto tisini kila mmoja. Ijumaa madaftari yanarundikwa mezani kwake hadi haonekani. Jumatatu mkuu wa shule anataka alama.

Mimi ndiye niliyemvuta aje kwenye kikundi chetu. Tulikuwa walimu tisa wa uandishi kutoka shule za jirani, tukikutana Jumamosi asubuhi katika maktaba, tumejikunja kwenye viti vya watoto. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mama asiye na maneno mengi, tukimwita Mlezi. Sharti lake lilikuwa moja: kila mtu kwa zamu alete insha ya mwanafunzi, aisome kwa sauti, kisha tuseme mtoto alikuwa anajaribu kusema nini. Makosa ya tahajia, marufuku kuyagusa.

Zamu ya Mwalimu Vema ilipofika, alikuja na daftari moja alilolichomoa kabatini kwake ofisini, katika yale ambayo wenyewe hawakuyachukua, bila hata kutazama jina.

"Siku Nisiyoisahau," alianza, kwa ile sauti yake ya kusoma taarifa ya habari. Mtoto kaenda kwa shangazi, mvua imenyesha, gari limekwama. Tukatabasamu. Kisha ikaja aya ya tatu:

"Mwalimu, hapa nakatiza. Najua husomi, ndiyo maana naweza kusema. Mama hajainuka kitandani tangu shule zifunguliwe. Namwosha, nampikia, nawaandaa wadogo zangu. Shangazi anataka niache shule. Kama umesoma, niite uniulize. Usiniulize mbele ya wenzangu."

Akaishia hapo. Alipoliinamisha daftari, sote tuliona maandishi mekundu chini ya ukurasa: Vema. 15. Zingatia aya.

"Ni ya lini?" Mlezi aliuliza.

"Miezi minne iliyopita."

"Na mtoto?"

Akasoma jina kwenye jalada. "Hayupo." Alilitamka vilevile alivyokuwa akiliandika kila asubuhi kwenye mahudhurio. "Muhula huu hajaja kabisa. Nilidhani kahama."

Akarudisha kurasa nyuma. Katikati ya insha iliyotangulia palikuwa na mstari huu: Mwalimu, ukisoma sentensi hii chora duara. Hapakuwa na duara.

Mmoja wetu, labda kwa huruma, akasema, "Basi tuendelee na mwingine?"

"Nani hapa amesoma madaftari yake yote wiki hii?" Mlezi aliuliza.

Mmoja mmoja tukayarudisha madaftari yetu mikobani.

Tulitoka mimi na Mwalimu Vema hadi nyumba iliyoandikwa kwenye kitabu cha uandikishaji. Ilikuwa na wapangaji wapya. Jirani aliyekuwa akianika nguo alituambia kwamba mama mtu alichukuliwa na nduguze akiwa hajiwezi, na watoto wakafuata. Wapi? Hajui. Mwalimu Vema akaketi kwenye ngazi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, akalia kwa sauti. Jirani akaacha kuanika.

Siku ya tano, mwanafunzi mmoja akampa namba ya shangazi wa yule binti mwenye daftari. Alipiga tukiwa ofisini kwetu, simu kailaza mezani, spika imewashwa ili nami nisikie. Shangazi akamwita binti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma."

"Umesoma ipi?"

"Zote."

"Ahaa." Nyuma yake vyombo viligongana. "Mama alishatangulia, mwalimu. Tumeshamzika."

"Nisamehe, mwanangu. Rudi shule, mimi nita..."

"Asante, mwalimu. Naitwa kazini."

Mwalimu Vema alipiga tena kesho yake, na keshokutwa yake. Haikupokelewa. Mwishowe ikawa haipatikani.

Aliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu akamrudishia, hana wa kuziba pengo. Kikundi chetu kikaandika ombi madarasa yapunguzwe. Mpaka leo halijajibiwa. Siku hizi anasoma kila neno, na kwa sababu hiyo hamalizi. Yuko nyuma wiki tatu, amepewa onyo la maandishi, na shati linampwaya. Mtoto akiandika "mwalimu" popote ndani ya insha, hata kama ni mwalimu wa hadithi tu, hushtuka akamtafuta darasani.

Juzi mchana nilimkuta peke yake ofisini, chakula kimepoa pembeni.

"Nipe nusu nikusaidie, kaka," nikamwambia.

Akaniinulia macho yaliyowiva. "Utasoma kweli?"

Nililitupia jicho kwanza rundo langu mwenyewe. Akanihesabia madaftari matano, yaliyobaki akayavuta kwake.